Ukuta Ukianguka, Nani Alipe? Fundi wa Karagwe na Kyerwa Baina ya Dhamana, Bima na Takaful

 

Miaka michache iliyopita tulikuwa katika ziara ya darsa wilayani Karagwe. Baada ya swala ya Isha alitujia kijana aliyesoma kwetu zamani, ambaye sasa ni mkandarasi mdogo wa majengo. Alikuwa amepata kazi ya madarasa upande wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, na mwenye kazi alimtaka alete hati ya bima kabla ya kuanza kuchimba msingi. Wakala wa bima alikuwa amempa karatasi tatu achague moja. Akatuuliza: "Sheikh, jambo hili ni halali? Na kama lipo la halali, nichukue lipi?"

Swali la kwanza tulimjibu kwa yale tuliyosomeshwa. La pili lilitushinda usiku ule, kwa sababu hatukuwa tumepata kusoma karatasi ya bima hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Naye hakuuliza kwa udadisi. Mwaka mmoja nyuma, katika mvua za masika, ukuta wa jengo lake jingine ulianguka ukamvunja mguu kibarua wake. Aliuza shamba la kahawa alilorithi kwa baba yake ili amtibu yule kibarua na ajenge upya. Tumeandika makala haya kwa sababu yake, na kwa sababu ya maimamu wenzetu ambao huulizwa swali kama hili nao hujibu nusu yake tu.

Hatari ni ya zamani

Biashara yenye hatari si jambo geni katika ardhi ya Karagwe. Katika karne ya 19, zama za utawala wa Ndagara na mwanawe Rumanyika, wafanyabiashara Waislamu kutoka Tabora walifika huko kutafuta pembe za ndovu. Kituo chao kilikuwa Kafuro, si mbali na makao ya mfalme ya Bweranyange. Miongoni mwao alikuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, na Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyeishi Kafuro miaka mingi. Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876, waliikuta biashara hiyo imekwishaota mizizi.

Sasa na tutazame mzigo wa hasara ulivyobebwa. Bidhaa nyingi za misafara zilitoka pwani kwa mkopo wa matajiri wa Unguja. Msafara ukiporwa, au maradhi yakiwaua wapagazi, deni halikufa pamoja na mali. Mkopaji alibaki nalo peke yake. Kinga yake ilikuwa hifadhi ya mfalme na ndugu aliosafiri nao. Hali ya kijana wetu haikuwa mbali na hiyo, kwani ukuta ulipoanguka alibaki yeye na shamba la baba yake.

Fiqhi imesema nini juu ya fundi?

Kabla hatujaizungumza bima ni lazima tujue hasara ni ya nani kisharia, kwa sababu mtu hawezi kujikinga na mzigo asioujua kuwa ni wake. Wanazuoni wetu waliyaandika haya kwa upana katika milango ya ijara na ya diya.

Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwabebesha mafundi dhamana ya vitu vya watu walivyokabidhiwa, kwa hoja kwamba mambo ya watu hayatengenei bila ya hivyo, ijapokuwa katika isnadi ya mapokezi hayo pana maneno. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i (r.a.), ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminifu: halipi kilichoharibika mkononi mwake ila akikiuka mipaka au akizembea. Ar-Rabi', mwanafunzi wake, ameeleza kwamba Imamu aliielekea rai hiyo lakini hakuwa akiitangaza, akichelea mali za watu zisije zikapotea mikononi mwa mafundi wasio waangalifu. Basi angalia namna Imamu alivyopima. Alimhurumia fundi mwema, na wakati huo huo akaihofia mali ya mwenye nyumba.

Ama ukuta wenyewe, vitabu vya Shafi'i vimepambanua. Aliyeujenga ukuta ukiwa umeinama tangu mwanzo kuelekea njia ya watu, ukaanguka ukadhuru, huyo ni mdhamini. Aliyeujenga ukiwa umenyooka, kisha ukainama wenyewe ukaanguka, hadhamini. Mahanafi wakaongeza kwamba mwenye ukuta ulioinama akionywa na akapata muda wa kuubomoa asiubomoe, basi huwa mdhamini. Katika maneno haya machache mna kanuni ambayo mkandarasi wa leo anaihitaji kila siku: kosa la mtu ni jambo moja, na msiba uliomfika ni jambo jingine.

Tena imethibiti katika Hadithi sahihi kwamba kisima na machimbo havina dhamana. Wanazuoni wamefasiri kwamba mtu aliyeajiriwa kuchimba, udongo ukamfukia bila ya kosa la mwajiri, hakuna diya juu ya mwajiri. Watu wa Kyerwa, penye machimbo ya bati tangu zama za ukoloni, wanaijua vyema hatari hiyo. Lakini kutowajibika kwa diya hakumaanishi kwamba mjane na mayatima waachwe wafe njaa. Hapo ndipo sharia ilipofungua mlango wa kubebeana.

Aaqila na watu wa kabila la Ash'ari

Wengi wanaoitetea bima husema: "Hii ni aaqila tu." Maneno haya yana ukweli na yana upungufu. Ukweli wake ni kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu diya ya mwanamke wa Hudhayl aliyeuawa kwa kupigwa na mwenzake ilipwe na aaqila, yaani jamaa wa kiumeni wa aliyeua. Hati ya Madina nayo ilizitaja koo, kila moja ikilipa diya zake kwa ushirika. Na Umar bin al-Khattab (r.a.) alipoweka madaftari ya askari, Mahanafi wakachukua kutoka hapo kwamba aaqila wa mtu ni wenzake wa daftari moja, hata kama si ndugu wa damu.

Upungufu ni kwamba aaqila hubeba diya ya kuua bila kukusudia, wala haibebi uharibifu wa mali. Saruji iliyoganda kwa mvua, nondo zilizoibwa na ukuta ulioanguka bila kumuua mtu havimo katika aaqila. Kwa upande wa mali, dalili iliyo karibu zaidi ni Hadithi ya watu wa Ash'ari iliyomo katika Bukhari na Muslim. Hao walipopungukiwa na chakula safarini au mjini, walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu sana. Vilevile katika Hadithi ya Qabisa, aliyoipokea Muslim, mtu aliyefikwa na janga likamaliza mali yake ameruhusiwa kuomba mpaka apate cha kumsimamisha. Na Qur'ani imewapa wenye madeni fungu katika zaka (At-Tawba: 60), na imetuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu (Al-Maida: 2).

Kwa hiyo kubebeana hasara ni katika dini yetu. Kinachobishaniwa ni mkataba unaotumika.

Bima ya biashara ilivyoingia

Miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa mwanzo kuiandikia bima ya biashara ni Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836). Aliwaona wafanyabiashara wakikodi jahazi za wageni, kisha wakimlipa mtu fedha maalumu, zikiitwa sukra, ili mali ikizama au ikiungua awalipe. Akatoa hukumu kwamba haimfalii mfanyabiashara kuchukua fidia hiyo kwa mkataba uliofungwa katika nchi ya Kiislamu, kwa kuwa ni kujilazimisha jambo lisilolazimu.

Katika karne ya 20 mjadala ulipanuka. Mwaka 1961 katika mkutano wa fiqhi wa Damascus, Sheikh Mustafa az-Zarqa aliitetea bima, na Sheikh Muhammad Abu Zahra akaipinga ile ya kibiashara. Mwaka 1965 Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar liliruhusu bima ya ushirika na ile ya kijamii inayosimamiwa na serikali. Mwaka 1978 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliiharamisha bima ya biashara, az-Zarqa akiwa na rai tofauti. Na mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, Jeddah, likaamua kwamba mkataba wa bima ya biashara wenye malipo maalumu una gharar kubwa inayoufisidi, na badala yake ni bima ya ushirika iliyojengwa juu ya tabarrui, yaani kuchangia kwa hiari, na kusaidiana.

Huko Sudan kampuni ya bima ya Kiislamu ilikwishaanzishwa mwaka 1979, na Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984. Jirani zetu wa Kenya walipata kampuni ya takaful iliyoanza kazi mwaka 2011.

Kwetu Tanzania, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa peke yake katika biashara hiyo. Milango ilifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Sheria ya Bima ya 2009 ikaiweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Mwaka 2022 TIRA ilitoa mwongozo wa uendeshaji wa takaful. Basi asiyekuwa na njia jana huenda anayo leo, na imamu anayejibu kwa hali ya miaka 20 iliyopita anamdhulumu muulizaji.

Namna ya kuchagua

Baada ya safari ile tulizisoma zile karatasi tatu pamoja na kijana wetu, tukisaidiwa na mtu ajuaye kazi hiyo. Tuliyojifunza tunayapanga kwa daraja.

Kwanza, aanze na yaliyo wajibu wa sheria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na michango yake ilianza kukusanywa mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, wala haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Mfanyakazi akiumia kazini, mfuko hugharamia matibabu na kumlipa fidia, na akifa wategemezi wake hulipwa. Kijana wetu hakuwa amejisajili. Lau angejisajili na kuandikisha vibarua wake kama inavyotakiwa, mguu wa yule kibarua ungetibiwa bila ya shamba kuuzwa. Kosa hili halikuwa la bima wala la wakala. Lilikuwa la kutojua, na sisi walimu wake tuna fungu letu ndani yake. Mfuko kama huu ni wa kijamii, na uko karibu na ile bima ya kijamii iliyoruhusiwa tangu 1965. Katika kundi hili pia imo bima ya gari kwa madhara ya mtu wa tatu, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye lori au pikipiki ya kubebea vifaa.

Pili, apambanue baina ya dhamana na bima. Mwenye kazi anapodai dhamana ya malipo ya awali au ya utekelezaji, anataka mdhamini atakayemlipa yeye mkandarasi akishindwa, kisha mdhamini humrudia mkandarasi. Hiyo ni kafala na inamlinda mwenye kazi. Fundi asidhani kwamba kwa kuwa nayo amejikinga yeye.

Tatu, atazame bima ya kazi yenyewe, inayoitwa ya hatari zote za mkandarasi. Kwa kawaida ina sehemu mbili: hasara ya jengo na vifaa vilivyopo kwenye eneo la kazi, na madhara kwa watu wengine, kama ukuta kumwangukia mpita njia au kuvunja nyumba ya jirani. Neno "zote" lisimdanganye mtu. Mara nyingi haimo gharama ya kurekebisha kazi mbovu au mchoro wenye kosa, wala hasara ya kukusudia, wala vita. Watu wa Kagera wanalielewa hili la vita kuliko wengi, kwani Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka, na nyumba nyingi za watu zikaharibiwa.

Nne, aulize juu ya tetemeko kwa jina lake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Zaidi ya watu 15 walifariki, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupata nyufa, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato, Bukoba, zikaharibika vibaya. Bima ya moto ya jengo lililokwisha aghalabu haibebi tetemeko mpaka liongezwe kwa maandishi. Aulize vilevile juu ya mafuriko, upepo na maporomoko ya ardhi, maana nchi ya Karagwe na Kyerwa ni ya vilima.

Tano, aandike thamani ya kweli. Jengo la shilingi milioni 80 likikatiwa bima ya milioni 40 ili mchango upungue, kisha ikatokea hasara ya milioni 20, kampuni huweza kulipa milioni 10 tu, kwa kuwa nusu nyingine amebaki nayo mwenyewe. Hata hapo hukatwa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema atakibeba yeye. Na kuficha hali, kama kusema ukuta ni wa tofali za saruji ilhali ni wa tofali za udongo, ni ghushi iliyokatazwa kwetu, na kwao ni sababu ya kukunyima fidia.

Sita, muda. Ahakikishe kinga inaanza siku vifaa vinapofika na inaendelea mpaka makabidhiano, na pia katika kile kipindi cha kusahihisha kasoro baada ya kukabidhi. Mvua ikichelewesha kazi, aombe muda uongezwe kabla haujaisha.

Saba, na hili ndilo letu zaidi, atangulize takaful palipo na uwezekano. Asitosheke na jina. Aulize: Je, mfuko wa wachangiaji umetengwa na mali ya kampuni? Je, mchango umetajwa kuwa ni tabarrui? Ziada ya mwaka huenda kwa nani? Mfuko ukipungukiwa, kampuni huukopesha bila riba? Fedha huwekezwa wapi? Na ni nani wanazuoni wanaosimamia? Akipata majibu ya maandishi, amtegemee Mola wake. Kampuni yoyote iwayo, ahakiki kwamba imesajiliwa na TIRA, na stakabadhi aipate siku hiyo hiyo, maana wapo matapeli.

Na ikiwa hakupata takaful kwa kazi aliyonayo, na mwenye kazi au sheria imemlazimisha bima ya kawaida? Wanazuoni wengi wa zama hizi wamemuwia radhi aliyelazimishwa, achukue kiasi kile kinachomtimizia sharti bila kuzidisha. Wakahitilafiana katika fidia: wapo waliosema asichukue zaidi ya alichotoa, na wapo waliomruhusu kiasi cha hasara yake. Mwenye kupatwa na hilo na amuulize mwanazuoni anayemwamini, akiwa na mkataba wake mkononi.

Neno kwa maimamu na kamati za misikiti

Ndugu zetu, ni sisi tunaowapa mafundi hawa kazi za misikiti na madrasa, na mara nyingi tunapatana nao kwa mdomo, kwa bei ya kuoneana haya. Kisha ukuta ukianguka tunasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Naam, ni kadari, lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Basi katika makisio ya msikiti tuweke fungu la kinga ya kazi, na tumuulize fundi kama vibarua wake wameandikishwa, kabla hatujamuuliza ataanza lini.

Na wale mafundi wanaoitwa kujenga shule na zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambao wengi wao hawana kampuni, hao wanahitaji zaidi kuliko wote. Vikundi vya kuzikana na kusaidiana vimeenea vijijini mwetu, na kila mtu anajua utaratibu wake. Haishindikani mafundi Waislamu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo kuwa na mfuko wao wa tabarrui, wenye daftari, mweka hazina na masharti yaliyoandikwa, wa kumsimamisha mwenzao aliyefikwa na janga. Hautajenga ghorofa upya, lakini utazuia shamba lisiuzwe.

Kijana wetu alijisajili WCF, akachukua kinga ya kazi pamoja na ya watu wengine, na akaandika thamani nzima ya jengo. Madarasa yale yalikwisha bila ya tukio, na hatukumsikia akijuta kwa alichochangia. Shamba la baba yake halikurudi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atufahamishe dini yetu, ahifadhi mikono ya wanaojenga na vichwa vya wanaoishi chini ya dari zao. Wabillahi tawfiq.